Mfuko Mmoja wa Mbolea Unazaa Magunia Mangapi?

Chukua mfuko mmoja wa urea wa kilo 50. Ile namba 46 iliyoandikwa ubavuni inaeleza kwamba asilimia 46 ya uzito wake ni naitrojeni, kwa hiyo ndani mna kilo 23 za kirutubisho hicho. Uutie katika shamba la mahindi lililolimwa miaka nenda miaka rudi bila kurudishiwa kitu, lenye udongo uliokwisha mboji, na kila kilo ya naitrojeni itamwongezea mkulima pengine kilo nane za mahindi. Mfuko mzima utakuwa umeleta kilo 184: gunia moja na madebe manne hivi. Mfuko huohuo ukiingia shamba la pili, mbegu ileile, mvua ileile, lakini udongo uliokula samadi kwa miaka kadhaa na usio na uchachu mkali, kilo moja ya naitrojeni huweza kuzaa kilo 25. Hapo mfuko umeleta kilo 575, karibu magunia sita. Tofauti za namna hii zimepimwa mara nyingi katika mashamba ya wakulima wadogo wa Afrika Mashariki na Kusini, wakati mwingine baina ya mashamba mawili ya kaya moja, moja likiwa nyuma ya nyumba na jingine ng'ambo ya bonde. Na yapo mashamba yaliyochoka kiasi kwamba mbolea haizai kitu cha kuonekana.

Hesabu hiyo fupi ndiyo kiini cha hoja yangu. Kwa muda mrefu mjadala wa rutuba katika nchi zetu umeendeshwa kwa kuhesabu mifuko. Juni 2006 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja na kuazimia kwamba matumizi ya virutubisho vya mbolea yapande kutoka wastani wa kilo 8 kwa hekta hadi kilo 50 ifikapo 2015. Mwaka huo ulifika na kupita, na bara kwa ujumla lilikuwa mbali na shabaha. Mei 2024 mkutano mwingine ulifanyika Nairobi, na safari hii azimio halikuishia kwenye mbolea: lilitaka pia angalau asilimia 30 ya ardhi iliyochakaa ihuishwe katika muda wa miaka kumi. Mabadiliko hayo ya lugha ni ya maana, lakini hayatazaa kitu kama vipimo vya utekelezaji vitabaki vilevile. Ninachodai ni kwamba rutuba ipimwe kwa tija, yaani mavuno yanayotokana na kila kilo ya kirutubisho, na kwamba kila shilingi ya umma inayotumika katika kilimo iulizwe kama inaipandisha tija hiyo au inaishusha. Tukianzia hapo, ugomvi wa zamani baina ya wapenzi wa samadi na wapenzi wa mbolea ya kiwandani unakosa msingi, kwa sababu kila upande unatetea nusu ya kazi.

Tuanze na daftari lenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali inayopotea kimya kimya kama rutuba. Gunia la kilo 100 la mahindi linapopakiwa kwenye lori linaondoka na takriban kilo moja na nusu ya naitrojeni, pamoja na fosforasi na potasiamu kiasi. Mkulima anayevuna magunia 20 kwa hekta, ambayo ndiyo mavuno ya kawaida ya wengi katika Tanzania na Kenya, ameuza au kula kilo 30 za naitrojeni zilizotoka ardhini mwake. Mabua yakikatwa na kupelekwa kwa ng'ombe wa mtu mwingine, potasiamu nyingi huondoka nayo. Yakichomwa moto, naitrojeni hupaa na moshi. Ongeza udongo wa juu unaosombwa na mvua ya masika, na naitrojeni inayozama chini ya mizizi, ndipo utaelewa makadirio yaliyofanywa na mtaalamu wa udongo Pedro Sanchez na wenzake katika miaka ya 1990: kwamba kwa wastani mashamba ya Afrika kusini mwa Sahara yalikuwa yamepoteza, katika miaka 30, kilo 660 za naitrojeni, 75 za fosforasi na 450 za potasiamu kwa kila hekta.

Makadirio hayo yamekosolewa, na wakosoaji wana hoja. Wastani wa bara zima hauonyeshi shamba la mtu yeyote. Katika kaya moja unakuta kipande cha jirani na zizi kinanenepa mwaka hadi mwaka kwa samadi, majivu na maganda ya jikoni, huku kipande cha mbali kikikonda. Lakini ukosoaji huo haubatilishi hoja ya upungufu. Unaifanya iwe ya shamba kwa shamba. Unatuambia kwamba hakuna ushauri mmoja wa mbolea unaoweza kufaa mkoa mzima, wala hata shamba zima la kaya moja. Pendekezo la mifuko miwili kwa ekari, linalotolewa kwa sauti ileile kutoka bonde hadi kilima, ni sawa na daktari anayewapa wagonjwa wote wa wodi vidonge vya aina moja.

Kwa nini mfuko pekee hautoshi? Jibu liko katika kazi ambazo mbolea haiwezi kuzifanya. Chembe za mboji hushika virutubisho visizame na maji, hushika maji yenyewe ili mmea uvuke wiki mbili za jua kali, hulisha wadudu na vijidudu wanaoufanya udongo upumue, na huachia polepole salfa, zinki na virutubisho vingine ambavyo havimo kabisa ndani ya urea. Justus von Liebig, mwanakemia Mjerumani wa karne ya 19, ndiye aliyeitangaza kanuni kwamba mavuno huwekewa kikomo na kirutubisho kilichopungua kuliko vingine vyote. Zinki ikikosekana, naitrojeni nyingi ni hasara. Maji yakikosekana, vyote ni hasara. Ushahidi wa karibu na nyumbani uko Kabete, nje kidogo ya Nairobi, ambako tangu 1976 watafiti wamekuwa wakilima mahindi na maharage katika vipande vilevile: kimoja bila kitu, kingine kwa mbolea ya kiwandani, kingine kwa samadi, kingine kwa vyote viwili, mabua yakirudishwa au yakiondolewa. Kipande cha samadi na mbolea pamoja ndicho kilichoongoza kwa mavuno na ndicho kilichohifadhi mboji vizuri zaidi. Pamoja na hayo, hata vipande vilivyotunzwa vilipoteza sehemu ya mboji iliyokuwepo mwanzo. Hilo ni onyo kwetu sote: kulima ni kutumia, na anayetumia hana budi kurejesha kwa makusudi.

Kuna na jambo la uchachu, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililopuuzwa kuliko yote. Mbolea zenye naitrojeni ya amonia, zikiwemo urea na DAP (mbolea ya naitrojeni na fosforasi), huacha tindikali kila vijidudu vya udongo vinapozigeuza kuwa naitreti. Kwa msimu mmoja haionekani. Kwa misimu 20 ya DAP kupandia na urea kukuzia, katika udongo ambao tayari ulikuwa na uchachu kwa asili kama ule wa magharibi mwa Kenya na sehemu za Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, pH hushuka chini ya 5.5 na aluminiamu huanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Mahindi hubaki na mizizi mifupi, minene, iliyodumaa. Fosforasi aliyoinunua mkulima kwa bei kubwa nayo hukamatwa na chuma na aluminiamu, ikawa ardhini lakini mmea hauifikii. Huyu mkulima akiona mavuno yanashuka hufanya anachofundishwa: huongeza DAP. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, na Mungu ametujalia mawe ya chokaa: Koru karibu na Kisumu, Tanga, Mbeya. Kikwazo ni uzito. Shamba lenye uchachu huhitaji tani mbili kwa hekta, mara nyingine zaidi, na nauli ya tani mbili hadi kijijini huweza kupita bei ya chokaa yenyewe.

Hapa pana mfano mzuri wa kutumia kilicho chetu mahali kinapofaa. Minjingu, wilayani Babati, karibu na Ziwa Manyara, kuna mwamba wa fosfati uliotokana na mabaki ya ndege na samaki wa kale. Ukisagwa, fosforasi yake huyeyuka vizuri katika udongo wenye uchachu na huambatana na kalsiamu inayosaidia kuupunguza uchachu huo. Katika udongo usio na uchachu huyeyuka polepole mno, na mkulima anayeutumia huko ataona amedanganywa. Mbolea ileile, basi, ni neema Iringa na ni lawama kwingineko, na kinachoamua ni kipimo cha pH ambacho wakulima wengi hawajawahi kukiona. Programu inayoigawa kila mahali bila kupima inaiharibia jina mbolea nzuri.

Wapo wanaosikia haya na kusema: basi tuachane na viwanda, turudi kwenye samadi kama mababu. Wengi wao wana nia njema na wanapenda ardhi kweli, kwa hiyo wanastahili jibu la hesabu, si la dharau. Ng'ombe mmoja wa kienyeji hutoa takriban tani moja ya kinyesi kikavu kwa mwaka, na kwa kuwa mchana yuko malishoni, kinachopatikana zizini ni nusu hivi. Samadi ya kawaida ya zizi lisilo na paa, iliyopigwa jua na mvua, ina naitrojeni ya asilimia moja au chini yake. Kwa hiyo tani nzima hubeba kilo 10 za naitrojeni, na sehemu kubwa yake haiachiliwi msimu wa kwanza. Kurudisha zile kilo 30 zilizoondoka na magunia 20 kunahitaji tani tatu, yaani kinyesi cha usiku cha ng'ombe sita, kwa hekta moja tu. Familia nyingi zenye hekta moja hazina ng'ombe sita, na zikiwa nao hazina mahali pa kuwalisha.

Swali hilo la malisho ndilo zito. Samadi huhamisha rutuba, haiizalishi. Hakuna mahali panapolionyesha hilo wazi kama Kagera. Kibanja cha Wahaya, shamba la migomba lililozunguka nyumba, kimekuwa na sifa ya kuzaa vizazi kwa vizazi bila kupumzishwa. Lakini rutuba hiyo ilikuwa ikivunwa katika rweya, nyika ya majani inayozunguka vijiji: ng'ombe walikula huko mchana na kunyea nyumbani usiku, na majani yalikatwa yakaletwa kutandazwa chini ya migomba. Sotoka ilipofyeka mifugo katika miaka ya 1890, mshipa huo ulikatika kwa wengi. Watu walipoongezeka na rweya ikapungua au kugeuzwa mashamba, vibanja vya kaya zisizo na ng'ombe vikaanza kudhoofika, wakati vya wenye ng'ombe vikibaki vizuri. Babu aliyetegemea samadi peke yake alikuwa na eka nyingi za nyika nyuma ya kila eka ya migomba. Mjukuu wake hana.

Na kama hesabu hiyo haitoshi, dunia imeshuhudia jaribio la taifa zima. Mwaka 2021 serikali ya Sri Lanka ilipiga marufuku ghafla uingizaji wa mbolea za viwandani ili nchi nzima ilime kwa njia ya asili. Mavuno ya mpunga yalianguka, chai ikaumia, wakulima wakaandamana, na kabla ya mwaka kwisha marufuku ikalegezwa. Kosa halikuwa kuthamini mboji. Kosa lilikuwa kudhani kwamba virutubisho vinavyoondoka kila msimu na mazao vitarudi vyenyewe kwa sababu tu tumebadili sera.

Kipo, hata hivyo, chanzo kimoja cha naitrojeni ambacho ni nyongeza halisi na hakitoki kiwandani: mikunde. Bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Mkulima anaweza kuikagua kazi hiyo kwa kisu. Ng'oa soya au kunde inapoanza kutoa maua, tikisa udongo, pasua kinundu: kikiwa chekundu au waridi ndani, bakteria wako kazini, kikiwa cheupe au kijani, hakuna kinachofanyika. Pale ambapo bakteria wanaofaa hawapo udongoni, mbegu za soya huweza kupakwa bakteria walioandaliwa maabara, kazi ambayo Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha Morogoro vimeifanya kwa miaka mingi, na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na mfuko wa urea. Lakini hapa pia tusiseme zaidi ya ukweli. Maharage ya kawaida hukamata naitrojeni kidogo kuliko soya, karanga au mbaazi, na yakivunwa kwa kung'olewa na kupigwa nyumbani, maganda yakaishia uani, shamba halipati kitu. Mikunde pia haifanyi kazi bila fosforasi: udongo ukikosa fosforasi, vinundu ni vichache na vidogo. Kwa hiyo hata njia ya asili kuliko zote inahitaji kitu kutoka nje ya shamba.

Mbaazi ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu hukua taratibu chini ya mahindi bila kuyanyang'anya mwanga, kisha mahindi yakishavunwa hurefuka, hudondosha majani mengi ardhini, na mizizi yake ya kwenda chini hupandisha virutubisho vilivyozama. Wakulima wa Babati na jirani zake wameilima hivyo kwa miaka mingi. Lakini mwaka 2017 India, mnunuzi mkuu wa mbaazi za Tanzania, iliweka kikomo cha uingizaji, bei ikaporomoka, na wakulima wengi wakapunguza kuipanda. Hakuna mtaalamu wa udongo aliyehusika katika uamuzi ule wa New Delhi, na bado uligusa naitrojeni ya mashamba ya Manyara. Rutuba huingia shambani kupitia mlango wa soko. Njia ya sukuma-vuta, iliyoendelezwa na wanasayansi wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita kando ya Ziwa Viktoria, ilipata wafuasi kwa sababu hiyohiyo: desmodiamu iliyopandwa kati ya mistari ya mahindi hufukuza viwavi vya bua, huzuia kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na kustawi zaidi katika udongo maskini, huongeza naitrojeni, na juu ya yote humpa mkulima majani ya kulishia ng'ombe wa maziwa. Mkulima anayeingia kwa ajili ya maziwa huishia kuujenga udongo.

Hapo tunafikia pingamizi linalorudiwa kuliko yote ofisini: kwamba shida ni elimu, kwamba mkulima hajui. Historia ya mashamba yetu inalikana dai hilo. Katika kisiwa cha Ukara, ndani ya Ziwa Viktoria, wakulima walikuwa wakifuga ng'ombe ndani ya nyumba kwenye mashimo, wakikusanya samadi kwa uangalifu mkubwa na kupanda marejea, mmea wa jamii ya mikunde, ndani ya uwele kwa ajili ya kuyafukia udongoni, wakati maofisa wa kikoloni wa miaka ya 1930 walipofika na kustaajabu. Huko Mbinga, Wamatengo walibuni ngoro zamani: kwenye miteremko mikali wanaume hufyeka majani na kuyapanga katika miraba, wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia, shimo likabaki la kukinga maji na tuta likabaki na mbolea inayooza ndani yake. Maharage huja kwanza, mahindi hufuata. Hakuna mradi uliowafundisha.

Lililo muhimu zaidi ni kilichotokea Wakara walipohamia bara, mahali penye ardhi tele: wengi waliziacha kazi zile ngumu. Ujuzi walikuwa nao. Hesabu ndiyo iliyobadilika. Ardhi ikiwa nyingi na nguvu kazi haba, ni busara kulima eneo kubwa kuliko kubeba samadi. Na ukijaribu kuishinda hesabu hiyo kwa amri, utapata kilichotokea Uluguru mwaka 1955, ambapo matuta ya kulazimishwa yalizaa ghasia na mpango mzima ukafa. Linganisha na Machakos. Katika miaka ya 1930 wilaya hiyo ilielezwa kama nchi inayokufa kwa mmomonyoko. Kufikia 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na bado miteremko ilikuwa imejaa makinga maji ya fanya juu, miti imeongezeka na uzalishaji kwa kila mtu umepanda. Kilichobadilika ni kwamba Nairobi ilikuwa karibu, kahawa na matunda viliuzika, watu walikuwa na uhakika wa ardhi yao, na mishahara ya mjini ilirudi kulipia jembe. Waliotafiti baadaye waliongeza jambo la haki: kaya zisizo na mshahara zilibaki nyuma. Hilo pia ni somo. Mkulima anayekodi shamba kwa msimu mmoja hatatia chokaa ya kufanya kazi miaka minne, hata akihudhuria semina kumi, kwa kuwa faida itavunwa na mwenye ardhi.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine, na lina uzito wa njaa. Linasema: kujenga mboji huchukua miaka, na mtoto anakula leo; mpe mkulima mfuko wa ruzuku sasa, udongo utafuata. Siwezi kulikataa lote. Bei za mbolea zilipopaa mwaka 2021 na 2022, Tanzania ilirudisha ruzuku kuanzia msimu wa 2022/23, na Kenya ikauza mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 3,500 kisha 2,500. Bila hatua hizo wengi wangepanda bila kitu. Isitoshe, mbolea yenyewe, ikitumika vizuri, ni njia ya kupata mboji: mahindi yenye afya huacha mabua mengi na mizizi mingi, na shamba lisilozaa halina cha kurudisha. Lakini rudi kwenye ile hesabu ya mwanzo. Hata ruzuku ikiikata bei kwa nusu, mkulima mwenye udongo uliochoka anapata kilo 184 kwa nusu bei, sawa na kilo 368 kwa bei kamili, ilhali jirani yake mwenye udongo mzima anapata 575 bila ruzuku yoyote. Udongo mzima ni ruzuku kubwa kuliko hazina yoyote inavyoweza kutoa, na haukatizwi na vita vya Ukraine. Ruzuku ya mfuko isiyoambatana na kitu cha kuupandisha udongo inawalazimu walipa kodi kurudia malipo yaleyale kila mwaka ili kupata kidogo kilekile.

Tena yapo mambo yasiyohitaji kusubiri miaka. Kizibo kimoja cha soda cha mbolea katika kila shimo la kupandia, kikafunikwa na udongo kidogo kabla ya mbegu, huifikisha fosforasi mahali mzizi utakapopita, na huokoa mbolea ambayo ingetawanywa ikalishe magugu. Urea ikifukiwa badala ya kuachwa juani haipotei hewani. Samadi kidogo iliyopo ikifunikwa zizini kwa paa la nyasi na matandiko ya mabua ya kunyonya mkojo, kisha ikawekwa shimoni badala ya kumwagwa shamba zima, hubeba naitrojeni zaidi kwa gharama ya kazi tu. Palizi ya mapema ni sehemu ya lishe ya udongo vilevile, maana gugu nalo hula. Kwa shamba lililochoka kabisa, busara ni kulipatia samadi, chokaa au mikunde kwanza kwa misimu kadhaa, na kupeleka mbolea ya kununua kule ambako italipa. Huo ni mpangilio wa kazi. Hauhitaji fedha mpya.

Wengine watasema vipimo vya udongo ni anasa kwa mwenye ekari moja. Ni kweli kwamba si kila shamba litapimwa maabara kila mwaka, na si lazima. Uchachu haubadiliki kwa siku moja. Kipimo kimoja kila baada ya miaka michache, kwa mashamba yanayofanana ya kitongoji kimoja, kinatosha kuamua kama chokaa inahitajika na kama fosfati ya Minjingu itafaa. Mengine mkulima anayasoma mwenyewe: kiduha kikizidi, rutuba imeshuka, majani ya chini yakiwa ya njano kuanzia ncha, naitrojeni haitoshi, kingo zikiwa za zambarau, fosforasi haipo. Njia rahisi kuliko zote ni kipande cha hatua kumi kwa kumi kisichotiwa mbolea, katikati ya shamba lililotiwa. Wakati wa mavuno, pima kipande hicho na kingine cha ukubwa uleule kilichotiwa mbolea. Tofauti, ikigawanywa kwa kilo za kirutubisho zilizotiwa, ndiyo tija yake mwenyewe, kwa udongo wake mwenyewe, na hakuna muuza pembejeo anayeweza kubishana nayo. Kipande hicho pia ni kinga: mwaka 2024 wakulima wa Kenya waliuziwa mbolea bandia hata ndani ya mpango wa ruzuku, na mwenye kipande cha kulinganisha ndiye wa kwanza kugundua kwamba mfuko wake ulikuwa mchanga.

Kwa serikali, hoja hii inadai mambo machache yaliyo wazi. Ruzuku ihame kutoka mfuko mmoja wa aina moja hadi kapu ambalo mkulima anachagua ndani yake: chokaa pamoja na nauli yake, mbegu za mikunde na bakteria wake, mbolea inayolingana na kipimo cha eneo. Soko la mbaazi, soya na karanga lihesabiwe kuwa sera ya udongo na lilindwe hivyo. Mikataba ya kukodi ardhi iwe ya miaka kadhaa na iandikwe, ili anayetia chokaa ndiye avune. Afisa ugani apimwe kwa tija ya mashamba ya kata yake, asipimwe kwa idadi ya mifuko iliyosainiwa.

Na taarifa za mwaka zibadilike. Kila msimu tunasomewa tani ngapi za mbolea zimeingia nchini na wakulima wangapi wamesajiliwa. Ongezeni safu moja tu katika jedwali hilo: kilo za mazao zilizoongezwa na kila kilo ya kirutubisho, wilaya kwa wilaya, zikipimwa kwenye vile vipande vya hatua kumi kwa kumi. Mwaka wa kwanza namba zitatutia aibu katika wilaya nyingi. Lakini zitatuonyesha ni wapi mfuko unazaa magunia sita na ni wapi unazaa moja na madebe manne, na kwa mara ya kwanza tutajua fedha ya umma ipelekwe kwenye mbolea au ipelekwe kwenye udongo unaoipokea.